Upande wa Nafuna

Jumatatu, 10 Machi

Shingo yangu inalia ko. Nikigeuka kulia inanyamaza kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nikigeuka kushoto, ko, halafu msuli wa nyuma unakaza hadi begani kama kamba ya kufungia mzigo. Huu ni mwaka wa pili. Leo nimepimwa na mwanangu Sylvanus, anayesomea fiziotherapia, mwaka wa nne, mwaka wa mwisho, na niseme mara moja kwamba katika ukoo wa mume wangu Khaemba na ukoo wa baba yangu, ukiwachanganya wote, walio hai na waliozikwa, hakuna aliyefika hapo.

"Mama, kaa wima," akaniambia, akaniwekea kichwani kile kifaa chake cha plastiki cha kupima pembe. Kulia, sabini na nne. Kushoto, thelathini na nane. Eti mtu anatakiwa afike karibu themanini pande zote.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwanafunzi wa mwaka wake lazima achague mgonjwa mmoja, amtibu wiki kumi, aandike kila kitu, halafu mwalimu aje kumpima mgonjwa mwenyewe. Asiyefaulu hapo anarudia mwaka mzima. Wenzake wamechagua watu wa ajabu ajabu: mmoja ana dereva wa lori mwenye goti, mwingine ana mzee wa kiuno anayelala akitibiwa. Sylvanus amechagua mimi. Sishangai. Mtu mwenye akili huanza na kitu cha maana.

Amenipa fomu ya chuo yenye visanduku: umegeuka kushoto mara ngapi, kulia mara ngapi, maumivu ni mangapi kwa kumi. Visanduku vyenyewe ni vidogo. Mimi niliyepata zawadi ya insha darasa la nane kule Bungoma sitoshei humo. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Namba nitaweka kule, maneno hapa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Ko.

Alhamisi, 13 Machi

Sylvanus amenieleza zoezi. Kila saa, nikiwa kazini, nigeuze kichwa kushoto polepole mpaka kidevu kikaribie bega, nihesabu hadi tano, nirudi. Mara kumi. Kwa siku ni sitini. Sauti ya ko haimtii wasiwasi, anasema ko isiyo na maumivu ni kelele tu. Kinachomsumbua ni msuli uliokaza. "Mama, umekaa miaka mingapi ukiangalia upande mmoja?"

Nikamwambia mimi naangalia wateja wanakotokea.

Hiyo ni kweli, lakini si yote. Pale sokoni Kikuubo ninakouza mabeseni na ndoo, wateja hutokea kulia. Kushoto yuko Nafuna. Anauza chupa za chai na vikombe. Ni mtu wa Mbale, ng'ambo ya mlima Elgon, na lugha yao ni ileile yetu Wabukusu ila wameiharibu kidogo. Tulipoanza tulikuwa tunakula sahani moja. Halafu Sylvanus alipopata nafasi chuoni nikaleta soda, majirani wakanywa, na Nafuna akiwa bado na chupa ya soda yangu mkononi akasema mbele ya watu, "Kwa hiyo miaka minne shuleni, halafu aje kukanda migongo ya watu?"

Watu walicheka. Toka siku hiyo sijageuza uso wangu upande ule. Mwaka wa nne huu. Kama anataka kuonekana na mimi, ahamie kulia.

Sasa mwanangu ananiambia nimtazame mara sitini kwa siku, kila mara nikihesabu hadi tano.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika sitini. Nimegeuka sifuri.

Jumanne, 18 Machi

Sitini.

Ijumaa, 21 Machi

Sitini. Maji yameingia hadi chini ya mabeseni, njia yote ya Kikuubo ni mto wa maboksi. Baba Sylvanus ameniuliza jioni kama zoezi linaenda. Nikamwambia linaenda vizuri kuliko lake la kuacha sukari. Ni mwanamume mpole, anasimamia bohari karibu na Bugolobi, na kazi yake kubwa nyumbani ni kunyamaza.

Jumatatu, 24 Machi

Sylvanus amenipima tena. Thelathini na nane. Akapima mara ya pili, ya tatu. Akachukua fomu, akaangalia sitini zangu zote zilivyopangana.

"Mama, unafanya polepole?"

"Polepole kama bibi harusi."

"Na unafika mwisho?"

"Mpaka naona jana."

Hakucheka. Alikaa na kitabu chake mbele ya sahani ya ugali na mrenda mpaka mrenda ukashika ngozi. Huyu ni mtoto ambaye tangu akiwa na miaka mitatu hajaacha chakula. Kisha akasema, si kwangu, kwa sahani, "Labda mimi sijui kazi hii."

Niliingia jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumamosi, 29 Machi

Nilijaribu. Saa nne asubuhi, nikavuta pumzi, nikaanza kugeuka. Nikafika kwenye pindo la gauni lake, lile la maua ya zambarau kama pazia la hoteli iliyofungwa, nikasikia akikohoa kwa makusudi. Nikarudi kulia.

Sitini.

Jumamosi, 5 Aprili

Nina habari njema. Kakule amenitengeneza.

Kakule ni kinyozi hapa karibu na nyumbani, Kasubi, Mkongomani mwenye meno mazuri na sifa nyingi. Akimaliza kunyoa mwanamume humshika kidevu na kisogo, anamzungusha mara moja, karaka, na mwanamume anatoka anatembea kama waziri. Baba Sylvanus hufanyiwa kila mwezi. Nikajiuliza, kwa nini nisumbuke wiki kumi kumtazama Nafuna wakati kuna njia ya dakika moja?

"Mama, wanawake hawaji kwa hii," Kakule akasema.

"Na mimi sikuja kunyolewa. Vunja."

Alinizungusha. Karaka karaka karaka, kama mtu anayekanyaga mahindi makavu. Nikaona mwanga. Nikageuka kushoto, nikaona kioo chote, kalenda, na kijana aliyelala kwenye benchi. Nimejaza kabisa fomu ya wiki nzima inayokuja, kwa furaha.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani niligeuka kila upande. Nimeona kofia ambazo hazifai kuonekana.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nimelala. Jumatatu nilipoamka shingo ilikuwa imefungwa. Si kushoto tu, pande zote. Nikitaka kuangalia mlango nageuka mimi mzima, kama kabati. Kichwa kilizunguka, nikatapika. Nimelala siku tatu na taulo la moto.

Baba Sylvanus ndiye aliyesema. Mtu ananyamaza mwaka mzima, halafu siku hiyo moja anapata sauti. "Alikwenda kwa Kakule."

Sylvanus hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Aliniangalia machoni, akaniuliza kama naona vitu viwili viwili, akaniambia nitabasamu, ninyanyue mikono yote miwili, akaninywesha maji akiangalia ninavyomeza. Alipomaliza akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, shingoni mna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mtu asiyejua akikuzungusha hivyo, anaweza kuichana. Ningekuja hapa nikukute hujui jina langu."

"Jina lako ningelijua."

"Mama."

"Nilitaka namba zako zipande."

Akaweka kichwa mikononi. Baadaye akamwambia na baba yake: marufuku kwa Kakule. Amenisaidia kukaa, ameweka vidole vyake pale kwenye msuli, taratibu, na nimeshangaa. Sikujua mwanangu ana mikono hii. Kukanda migongo, alisema yule. Hajui anachosema, hajawahi kushikwa na mtu anayejua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi kazini. Jana nilijaza fomu ya wiki hii nikisikiliza redio. Najua. Lakini mkono umezoea.

Jumatano, 16 Aprili

Leo imetokea aibu na nitaiandika yote.

Saa tano alikuja mwalimu wa Sylvanus bila taarifa. Anaitwa Madam Laker. Ni mwanamke mrefu wa Kitgum, mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kimekatwa mikono na miguu lakini kinatembea. Amevaa viatu vya askari, vikubwa, vyeusi, kwa sketi. Nikajiambia, huyu ndiye atakayempa mwanangu alama? Mtu ambaye hajui hata kuvaa?

Sylvanus alikuwa nyuma yake, amebeba begi, uso wa kijivu.

"Mama, habari ya kazi. Mimi napita kuona mugonjwa wa kila kijana. Kaa hapo kwa ndoo."

Nikakaa kwenye ndoo yangu mwenyewe kama mteja. Akanipima kushoto. Thelathini na tano. Nimerudi nyuma kwa sababu ya Kakule. Akaomba fomu. Akaisoma akiisogeza mbali, halafu karibu.

"Mama, leo iko siku gani?"

"Jumatano, Madam."

"Sasa hapa Jumamosi wewe nageuka mara sitini. Jumamosi bado nakuja." Akafungua ukurasa wa nyuma. "Na hii wiki kijana anasema wewe nalala kitandani, shingo nafunga. Bado sitini. Nani najaza hii?"

Kikuubo haina ukimya, wachukuzi wanapiga kelele ya pisha toka asubuhi hadi giza. Lakini upande wa kushoto nilisikia ukimya. Chupa za chai ziliacha kugongana. Nafuna alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi tayari, nakumbuka hata ilivyoanza. Ndipo Sylvanus akasema, "Ni mimi, Madam."

"Wewe?"

"Nilijaza mimi. Mama alikuwa ananiambia kwa mdomo, mimi nikawa naandika kwa kukisia."

Alikuwa ananitazama, na nilielewa. Aliona nani yuko kushoto kwangu. Alikuwa ananifunika nisivuliwe mbele ya yule mwanamke.

Na mimi, mama yake, niliyemzaa kwa masaa kumi na tisa na ninayewaambia watu hivyo kila mara, nikafunga mdomo.

Madam Laker akakunja fomu, akamgeukia mwanangu, akamwita kwa jina la baba yake. "Khaemba, mimi naweza kusamehe mugonjwa iko mvivu. Muganga muongo, hapana. Anza upya. Tarehe ishirini na moja mwezi wa tano narudi. Nikikuta tena kitu kama hii, unarudia mwaka."

Akaondoka na viatu vyake. Sylvanus akafunga kamba ya begi lake vizuri begani mwake, akasema, "Tutaonana jioni, Mama," akamfuata.

Nilikaa kwenye ile ndoo. Wateja wawili walipita, wakaenda kwingine. Kushoto, chupa zikaanza tena kugongana, polepole.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika saba. Nimegeuka saba. Ko saba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nyumbani. Nimegeukia ukuta mara thelathini. Ukuta hauna kiburi.

Jumanne, 22 Aprili

Kumi na tisa. Na kwa kuwa natazama, acha niandike ninachokiona. Nafuna amenenepa upande mmoja. Anapanga vikombe kwa rangi, kisha anavipanga upya, kisha anaviambia kitu. Anakula karanga moja moja kama anayezihoji. Mteja akiondoka bila kununua, humwonyesha ulimi akishafika mbali. Mwanamke wa miaka hamsini.

Alhamisi, 24 Aprili

Ishirini na nane. Amegundua.

"Umepoteza nini huku?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu katika miaka mitatu na zaidi, na aliyasema akiangalia mbele.

"Natibiwa."

"Mimi ndiyo dawa?"

"Wewe ndiyo sindano."

Akatema ganda la karanga.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua kubwa, hakuna wateja. Thelathini na nne. Nilikuwa narudi kulia nikasikia, "Hiyo haikufika tano. Umehesabu tatu."

Nikamwambia ahesabu vikombe vyake.

Jumatano, 30 Aprili

Ananihesabia. Kweli kabisa. Amechukua katoni tupu ya chupa za chai, ameisimamisha, na kila nikigeuka anachora mstari kwa kalamu nene. Nisipofika mwisho hachori. Anafanya hivi ili kunidhihaki, na wanaopita wanauliza, naye anawajibu, "Mama Daktari anajifunza kuangalia watu."

Nimegeuka hamsini na mbili. Katoni yake inasema arobaini na tisa. Mitatu anadai nilikuwa namwangalia mteja wake. Niliandika hamsini na mbili, halafu nikafuta, nikaandika arobaini na tisa. Nilikuwa kweli namwangalia mteja wake.

Jumatatu, 5 Mei

Sylvanus amepima. Hamsini na moja. Akapima tena, hamsini na moja. Amekula sahani mbili za samaki na akaomba ukoko.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeona jambo leo na bado linanichekesha. Mteja alisimama katikati yetu akamwita Nafuna kutoka upande wangu. Nafuna hakugeuza kichwa. Aligeuka mzima, mabega, kiuno, kigoda na yote, kama kabati. Nikangoja. Mteja wa pili, vilevile. Yule mwanamke hawezi kugeuka kulia. Anachora mistari yangu kwa jicho la pembeni tu, nyeupe yote ikitoka nje.

Kulia kwake ni mimi.

Kwa hiyo naye. Miaka yote hii nikidhani mimi ndiye ninayemnyima uso, naye alikuwa ameninyima wake, na shingo yake imekufa upande wangu kama yangu ilivyokufa upande wake. Nimeshindwa kuamua kama hii ni heshima au ni matusi.

Jumatano, 14 Mei

Sitini. Katoni, sitini.

Jumanne, 20 Mei

Kesho. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Jumatano, 21 Mei

Madam Laker alifika saa nne, viatu vilevile. Nikakaa kwenye ndoo bila kuambiwa. Kulia sabini na sita. Kushoto, sitini na saba. Ko ililia katikati ya njia, akasema, "Hiyo wacha iimbe." Sylvanus nyuma yake alipumua kama mtu aliyetua gunia.

Kisha akaomba fomu. Saba. Thelathini. Kumi na tisa. Siku moja sifuri, nilipokwenda kwenye mazishi. Akaisoma yote.

"Namba nzuri. Lakini Khaemba, mwezi wa nne wewe nadanganya mimi. Sasa najuaje hii si uongo ya pili iko na akili zaidi? Shingo nageuka, sawa. Lakini nageuka kwa kazi yako, ama kwa Mungu? Mimi siwezi kupitisha."

Sylvanus aliinamisha macho. Nilijua hatasema ukweli hata akirudia mwaka mara tatu. Na kushoto, chupa za chai zilikuwa zimeacha kugongana.

Nikasimama. "Madam, fomu ya kwanza nilijaza mimi. Sitini zote. Sikugeuka hata mara moja. Mtoto alikubali kosa ili nisiaibike mbele ya huyu hapa." Nikamwonyesha Nafuna kwa kidole, na kichwa, na kidevu hadi begani. "Hakuandika uongo hata herufi moja. Mwongo ni mimi, na uongo wangu nimeuandika humu."

Nikampa daftari hili.

Alikaa kwenye ndoo ya pili, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Nilikumbuka yaliyomo nikatamani mvua. Alipofika Aprili kumi na sita aliinua macho akaangalia viatu vyake.

"Mama, hii viatu ni ya baba yangu. Alikufa nayo mpya."

"Pole, Madam."

"Miguu yetu iko sawa," akasema, akaendelea kusoma.

Hapo ndipo Nafuna alipoinuka. Aliburuta katoni zake tatu, akazipanga mbele ya Madam. "Mimi sina neno jema kwa huyu mwanamke. Andika hivyo. Mwezi wa tatu wote hakunitazama hata mara moja, mimi ningejua. Lakini kuanzia hapa," akagonga katoni, "alinitazama mpaka nikachoka. Kila mstari ni mara moja. Ile aliyoiba sikuchora."

Madam Laker akalinganisha mistari na fomu, siku kwa siku, kidole huku na kidole huku, wachukuzi wakimruka na mizigo yao. Mwisho akasema, "Kwa miaka kumi na mbili mimi nafundisha, sijaona mugonjwa iko na shahidi adui." Akaandika kitu, akatia sahihi, akampa Sylvanus. Sylvanus alisoma, akanipa nisome. Amefaulu. Chini amepunguziwa alama tano kwa kumfunika mgonjwa mwongo, na nadhani alama hizo ndizo bora kuliko zote, ingawa sikumwambia.

Ijumaa, 23 Mei

Sikununua soda. Nimejifunza.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Mchana Nafuna alisema, akiangalia mbele, "Yule mkandaji wako. Anapatikana lini?"

"Mwenye jina anapatikana. Mkandaji simjui."

Akala karanga moja. Akaihoji. "Sylvanus."

Nikampigia simu, akaja na kifaa chake kutoka chuoni. Akamwambia, "Shangazi, kaa wima," na yule mwanamke akakaa kwenye ndoo yangu, gauni la zambarau limejaa kote. Kushoto, sabini. Kulia, ko, nilisikia kutoka nilipokuwa, tamu kabisa. Kulia, thelathini na sita.

Mimi nilianza na thelathini na nane. Hata hapo nilikuwa mbele yake.

Amepewa fomu. Kila saa mara kumi, polepole, kidevu kwenye bega, hadi tano. Kuanzia Jumatatu atanitazama mara sitini kwa siku. Nimepiga pasi gauni la bluu, na nimeshatafuta katoni.